Kibao Kilichogeuka Mchana

Ninyi mnaotembea na simu inayowaambia pinda hapa, nyooka pale, na mkikosea inawaambia tena bila kukasirika, labda hamtaamini kwamba kuna watu waliolipwa mshahara kuchimba shimo, kusimamisha nguzo, na kupigilia ubao ulioandikwa RUIRU. Mimi nilikuwa mmoja wao. Niliifanya kazi ya vibao vya njia tangu nikiwa kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinamfikiria, mpaka nikastaafu. Wakinizika, wanaweza kuniwekea kibao kaburini, mradi wasikielekeze vibaya.

Nawaandikia hasa ninyi wajukuu mlioniuliza juzi baada ya ibada, "Guka, kusimamisha mti barabarani ni kazi gani?" Mlicheka, nami nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani nikaanza kuandika.

Nguzo haisimami kwa sababu ni nene. Kwanza unauchoma mguu wake. Sehemu itakayoingia ardhini unaigeuza juu ya moto mpaka iwe nyeusi kama sufuria ya shule, kisha unaipaka lami ikiwa ya moto. Mchwa wa Thika wana bidii. Ukiwapa mti mbichi, watakuwa wamekula mji mzima kabla hujarudi kuukagua. Shimo nalo ulichimbe mpaka ukilala kifudifudi na kuzamisha mkono hadi kwapani, vidole havigusi chini. Udongo unaurudisha kidogo, unaushindilia kwa mtaimbo, unarudisha kidogo tena, unashindilia tena. Ukiumwaga wote pamoja na kukanyaga juu kama mtu anayezima sigara, hicho kibao kitainama mvua ya kwanza ikinyesha, kama mlevi anayetafuta mlango.

Hayo yote nilifundishwa na Mzee Wekesa, nyapara wetu. Alitoka upande wa Bungoma, akaja Thika akiwa kijana, akaishi na mkewe na watoto katika nyumba za wafanyakazi wa barabara. Alikuwa na sauti ya kusikika kutoka ng'ambo ya mto Chania, na hakuinyamazisha bila sababu. Katika kundi letu kulikuwa pia na Mutiso wa Machakos, mzaha wake ukiwa mwingi kuliko kazi yake, na mimi, Njuguna, niliyekuwa sisemi.

Mnaponiona sasa nikiongea mpaka chai inapoa, mnadhani nilizaliwa hivi. Shuleni, kabla sijaacha masomo nikiwa bado mdogo, mwalimu akiniuliza jina langu nilimwonyesha kwenye jalada la daftari. Dukani nilinunua vitu vilivyo karibu tu, vya kuonyesha kwa kidole, kwa sababu vya mbali ni lazima uvitaje. Ndiyo maana nilipoviona vibao vya njia nilivipenda. Kibao kinamwambia mgeni kila anachohitaji na hakifungui mdomo. Nikaona, kumbe kuna kitu duniani kinachofanana nami na kinaheshimiwa.

Kibao changu cha kwanza nilikisimamisha peke yangu karibu na Ruiru. Kilinyooka mpaka nikataka kukivulia kofia. Mzee Wekesa alikizunguka, akaingia katikati ya mibuni iliyopakana na barabara, akaniita kutoka humo.

"Njuguna! Njoo usome. Ukiwa huku kinasomeka vizuri sana."

Nilikuwa nimeelekeza maandishi shambani. Barabarani ulionekana mgongo wa ubao peke yake.

"Muache, Mzee," Mutiso akasema. "Sasa kahawa imejua njia ya Ruiru. Jioni itaondoka yenyewe."

Kwa Mzee Wekesa, kumwita mtu kibao hakukuwa kumsifu. Mutiso akisimama na mkono kiunoni, akituelekeza kwa mkono mwingine mahali pa kuchimba, Mzee alinguruma, "Wewe Mutiso, umekuwa kibao? Unaonyesha shimo lilipo na huendi!" Mhubiri aliyewahimiza watu wawahi ibada na yeye akafika jua limepanda alikuwa kibao. Miaka mingi baadaye, nilipooa, alisafiri kuja harusini akiwa amezeeka, akanishika bega na kusema mbele ya wakwe zangu, "Usiwe kibao nyumbani kwako, kumwonyesha mke kisima kilipo na huendi." Wakwe walifurahi kuliko walivyofurahia mbuzi wa mahari.

Lakini watu wa kijiji cha Witeithie walikuwa na matumizi yao ya neno hilo. Kulikuwa na bibi mmoja mrefu aliyeuza uji kando ya barabara, nao walimwita Kibao kwa mapenzi, kwa sababu kila njia ilielezwa kuanzia kwake. "Ukimfikia yule bibi, pinda kushoto." "Ukimwona bibi wa uji, umepita." Siku akiugua, wageni walipotea. Siku hizi nikisikia mtu akisema fulani alikuwa kibao katika maisha yake, huuliza kwanza, kibao cha Mzee Wekesa au cha Witeithie?

Sasa niwape ile habari niliyotaka kuwapa tangu nianze.

Kati ya Thika na Ruiru, si mbali na Witeithie, kulikuwa na njia panda ambapo njia ya udongo mwekundu ilitoka barabara kuu na kuingia mashamba ya mkonge. Tulisimamisha nguzo pale yenye mikono mitatu: THIKA, RUIRU, na wa tatu wa kuelekea mkongeni. Chini ya mikono hiyo, usawa wa kiuno, tulipigilia kipande kifupi cha ubao mnene chenye nambari ya maili. Ndivyo tulivyoamriwa kufanya katika kila nguzo ya njia panda.

Ilikuwa ile miaka ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapigania uhuru msituni. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vyenye handaki kuzunguka, na kutoka kwenda popote kulikuwa na saa zake. Wakati huo, kitu chochote kikisogea, lazima apatikane wa kushukiwa. Na kibao chetu kikaanza kusogea.

Lori la askari lililokuwa likienda Ruiru lilifuata mkono ulioandikwa RUIRU, likaingia nao mkongeni, likazama kwenye tope. Wakata mkonge walilivuta kwa kamba mpaka jioni. Nasikia hakuna aliyecheka mpaka lori lilipoondoka, kisha hakuna aliyeweza kunyamaza.

Tulikirudisha kibao mahali pake na kukishindilia. Kikageuka tena. Tukachimbua, tukapigilia mti wa kukingama mguuni, chini kabisa ya shimo. Ni dawa nzuri ya nguzo inayozunguka, ikumbukeni. Lakini mvua zilikuwa zimefanya ardhi ile kuwa uji, na nguzo ikageuka pamoja na mti wake. Wakaletwa askari wa kuilinda usiku. Walikesha na bunduki, nguzo imetulia kama mtoto aliyeshiba. Asubuhi wakaenda kulala. Jioni yake RUIRU inaelekeza mkongeni.

Ndipo akaja msimamizi wa barabara, Mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kiko, kwa sababu kiko chake hakikutoka mdomoni hata akikohoa.

"Wekesa," alisema, "hii si upepo. Hii ni mtu. Na kama si mtu ya nje, ni mtu yako. Mimi nakuja tena wiki kesho. Kibao nakaa hivi," akanyoosha mkono kuelekea Ruiru, "wewe nabaki na kazi. Kibao nakaa hivi," akaugeuza kwenye mkonge, "polisi nauliza wewe maswali, na bibi na watoto nakwenda kwenu. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana."

Hayo ndiyo maneno pekee Mzee Wekesa aliyosema siku hiyo. Tulirudi Thika nyuma ya lori na hakumtukana hata Mutiso, ambaye alikuwa amekalia ndoo ya rangi. Mutiso alijaribu kumchokoza. "Mzee, labda ni nyani. Nyani wa Chania wanapenda kusoma." Mzee alitazama barabara tu. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na wale wakubwa walicheza mpira wa matambara mbele ya nyumba ambazo hazikuwa zao.

Kesho yake nilitumwa kusugua matope yaliyorukia mikono ya kibao. Nikiwa nimepiga magoti kupumzika, macho yangu yakaangukia ule ubao mfupi wa maili. Upande mmoja ulikuwa na rangi yake. Upande wa pili rangi ilikuwa imeisha na mti ukang'aa, laini kama mpini wa jembe la zamani. Chini yake palikuwa pamekanyagwa pakawa pagumu, na palitapakaa maganda ya mkaratusi.

Niliujua mng'ao ule. Nguzo ya lango la nyumbani kwetu iling'aa vivyo hivyo, na aliyeing'arisha alikuwa mama yangu.

Kwetu mama hubeba kuni mgongoni, na mkanda wa ngozi unaoshika mzigo hupita kwenye paji la uso. Mzigo ukishapanda, hauwekwi chini hovyo, kwa sababu kuuinua tena peke yako ni kazi ya kuvunja mgongo. Kwa hiyo mama akichoka hutafuta kitu cha usawa wa kiuno, akakigeuzia mgongo na kuuegemeza mzigo hapo bila kuuvua. Anahema. Kisha anajisukuma na kuzungusha mwili kuelekea nyumbani. Sasa fikirini kijiji kizima cha kina mama, wakiruhusiwa kwenda kuni mchana, wote wakipumzika kwenye kipande kilekile cha ubao, wote wakijizungusha upande uleule. Ule ubao ulikuwa mpini, na kina mama walikuwa wakiifungua nguzo kama mtu anavyofungua bomba.

Nilimwambia Mzee Wekesa peke yake. Kumwambia Bwana Kiko kungemwokoa Mzee na kuwaangamiza kina mama, kwa maana siku zile nani angeamini kwamba lori la askari lilipotezwa na uchovu wa kuni? Mzee alinisikiliza. Kisha akasema, "Basi nenda ukaongee nao."

"Mimi?"

"Kikuyu changu mimi kinaishia kwenye salamu. Na Mutiso akiongea nao watafikiri anawachumbia."

"Mzee, siwezi. Watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo." Akanitazama, na sauti yake ikawa ndogo, kitu ambacho sikuwahi kukisikia. "Njuguna, watoto wangu hawaijui hata njia ya Bungoma. Walizaliwa hapa."

Basi nikaenda. Nilisimama kando ya nguzo mchana mpaka nikawaona wakija kwa mstari kutoka upande wa miti, wameinama, na mlinzi mmoja nyuma yao amechoka kuliko wao ingawa hakubeba kitu. Aliyetangulia alikuwa mama mnene wa kimo kifupi, ambaye wenzake walimwita Mama Gathoni. Alifika, akageuka, akauketisha mzigo kwenye ubao wa maili, na nikaisikia nguzo ikilia chini kwa chini. Kisha akaiona miguu yangu.

"Haiya! Hapa kuna kijana. Unataka nini, baba?"

Nikaanza kuchimba ardhi kwa vidole vya miguu.

"Ametumwa kutukagua kuni," akasema mwingine nyuma.

"Hapana, anatafuta mke."

"Mke atampata wapi, na vidole vyake vya miguu vinachimba chini? Atachumbia mchanga!"

Wakacheka wote, hata mlinzi. Mimi nilitamani lile shimo tulilochimba linichukue. Lakini nikasikia ile sauti ndogo ya Mzee Wekesa, nikasema, "Mama, angalia juu."

"Niangalie juu na nini? Kichwa kimefungwa!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mkanda ukiwa kwenye paji la uso, huoni ila ardhi iliyo mbele ya miguu yako. Kwenda kuni kina mama hawa walipitishwa njia nyingine; pale walikuwa wamepita msimu mzima wa mvua wakirudi na mizigo tu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona kilichokuwa juu ya kiuno chake.

Nikaingiza bega langu chini ya mzigo wa Mama Gathoni na kuuinua. Nusura unizike. "Vua mkanda, mama, nimeshika. Sasa tazama."

Akanyoosha shingo.

"Kumbe kina mikono!"

"Ni kibao cha njia, mama."

"Wewe! Sisi tulidhani ni pa kupumzikia. Tulisema, angalau serikali imetukumbuka. Hata nikasema, aliyeweka hiki mama yake alibeba kuni."

"Tuonyeshe na sisi!" wengine wakapiga kelele, na bega langu likafanya kazi mpaka kila aliyetaka ameona. Nikawaeleza, maneno yakinitoka kama maji kwenye mfereji ulioziba, kwamba kibao kikigeuka magari yanapotea, na kwamba kuna mzee mwenye mtoto mchanga atakayefukuzwa na kupelekwa polisi kwa ajili hiyo.

Mama Gathoni akarudisha mkanda kichwani. "Hatukutaka ubaya kwa mzee wa watu," alisema. "Lakini na sisi, baba, tupumzike wapi? Kwenye hilo bega lako? Limekwisha tayari."

Nilirudi na swali hilo kwa Mzee Wekesa. Hakufikiri sana. Karibu na pale kulikuwa na machimbo ya mawe, na mawe yaliyovunjika vibaya yalirundikwa hayana mnunuzi. Mwenye machimbo akatuambia tumpunguzie takataka. Tukajenga ukuta mfupi, hatua chache kutoka kwenye nguzo. Mutiso alijitolea kupima kimo chake, akafunga mzigo wa kuni mgongoni mwenyewe, akauegemeza, akakosa, na akalala chali na miguu juu kama kombamwiko. Ikabidi tungojee wenye kujua. Mama Gathoni alijaribu na kusema, "Punguzeni, mimi si twiga." Mwenzake mrefu akajaribu na kusema, "Ongezeni, mimi si mbuzi." Mwishowe tuliujenga kwa ngazi, chini upande huu, juu upande ule, kila mama na kimo chake. Nguzo tukaisimamisha upya, na kibao cha maili, kwa kuwa kiliamriwa kiwepo, tukakigeuzia upande wa mtaro ambako hakuna anayeweza kukifikia bila kulowa magoti.

Siku ya Bwana Kiko ilifika. Alishuka kwenye gari, akatazama mkono wa RUIRU. Ulielekea Ruiru. Akaweka bega kwenye nguzo na kusukuma. Haikutikisika. Mzee Wekesa alisimama kando na kofia yake mkononi, akiizungusha, akiizungusha.

Kisha Bwana Kiko akauona ukuta.

"Hii nini? Nani naweka hii mawe?"

Mimi nilingojea ile sauti ya ng'ambo ya mto. Haikuja. Mzee Wekesa alinyoosha mkono wake wote, umenyooka kama ubao, ukanielekea mimi.

Sikuwahi kusema neno kwa Mzungu yeyote. Nikasema, "Ni mahali pa mizigo, bwana. Mzigo ulikuwa unalala kwenye kibao. Sasa una kitanda chake."

"Mzigo ya nani?"

"Wa njiani, bwana. Na ardhi ilikuwa imelewa mvua."

Akanitazama, kiko kikitoa moshi kidogo kidogo. Akatazama ukuta, akaukalia, akaona si mbaya. Kwa mbali, upande wa miti, mstari wa kina mama ulikuwa umeanza kuonekana. Nadhani alielewa. Au labda aliona njaa, ilikuwa saa yake ya chakula.

"Mvua," alisema. "Sawa. Mvua. Wekesa, weka mawe kama hii na ile kibao ya Ruiru pia."

Akaondoka. Vumbi halikuwapo, kulikuwa na tope, kwa hiyo tulimwona mpaka akapinda kona. Ndipo Mzee Wekesa akaketi kwenye ngazi ya chini ya ukuta, akajifunika uso kwa kofia, na mabega yakaanza kutikisika. Tulidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwapo pia.

"Mutiso," alisema alipopata pumzi, "umeniona? Leo mimi ndiye nilikuwa kibao. Nimeonyesha tu!"

Alibaki Thika mpaka watoto wake wakawa watu wazima. Nguzo za mti zilikwisha, zikaja za chuma, zikaja za zege, na sasa kuna yale mabango makubwa ya kijani kibichi juu ya barabara kuu ambayo hata shingo iliyofungwa mkanda ingeyaona. Ukuta wetu ulichukuliwa na barabara ilipopanuliwa. Sikuudhika. Kina mama wengi walikuwa wamepata gesi.

Mimi nilibaki na tabia moja. Mtu akisimama langoni kwangu na kuniuliza njia, siwezi kumnyooshea kidole. Navaa viatu, nachukua fimbo, natembea naye mpaka tupaone anapokwenda. Juzi mjukuu wangu alinifuata nyuma akilalamika. "Guka, ungemwonyesha tu! Chakula kinapoa."

"Vibao vipo vya kutosha," nikamwambia. "Shika hilo begi la mgeni, amechoka."